Kigelegele Kisichokuwa Changu

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikuwa na akiba ya shilingi milioni 2 na laki 6, na bahasha moja ya sadaka ambayo sikuitumia kwa sadaka. Nyuma ya bahasha hiyo niliandika majina ya mashine tatu za muziki, na mbele ya kila jina bei yake. Bahasha ilikaa ndani ya Biblia yangu miezi miwili. Mchungaji akihubiri, mimi naichungulia. Jumapili moja niliona kwamba nilikuwa nimeiweka kwenye Luka sura ya 14, pale Bwana Yesu anapotoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa akae kwanza apige hesabu ya gharama. Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, neno limenikuta kazini, kwa maana mimi hesabu napiga kila siku.

Ninaandika haya kueleza kwamba hesabu yangu ilikuwa na kosa, na aliyeliona kosa hilo hakuwa fundi wa muziki.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko Tandika, si mbali na soko. Jumapili napiga kinanda katika kwaya ya vijana ya usharika wetu, upande wa Buza. Na usiku, katika chumba changu cha kupanga nilichokibandika trei za mayai ukutani ili majirani walale, natengeneza midundo ya singeli. Najua baadhi ya wasomaji wataishia hapo. Nawaomba mvumilie, twende pamoja kidogo.

Singeli ni muziki wetu wa uswahilini, hapa hapa Dar es Salaam. Umekulia Manzese, Tandale, Mburahati na kwetu Temeke. Mzazi wake mmoja ni mchiriku, uliopigwa na vijana wa kizazi kilichotutangulia kwa ngoma na vinanda vidogo vya Casio vya bei nafuu, vikipitishwa kwenye spika zilizochoka mpaka sauti inakwaruza. Mzazi wa pili ni taarabu. Watengenezaji wa mwanzo walichukua kipande kifupi cha kinanda kutoka kwenye wimbo wa taarabu, wakakirudia tena na tena, kisha wakakikimbiza. Huko kukimbia ndiko kunakoutambulisha. Wimbo wa kwaya yetu unatembea kwa mapigo kama 90 au 100 kwa dakika. Singeli huanzia huko kwenye 200, na wengine huifikisha 300. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa uswahilini wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Nayataja haya ili anayedhani ni kelele tu za wahuni ajue kwamba ni kazi ya mikono na ya akili.

Wengi wetu kazi hiyo tunaifanya kwa kompyuta, kwa programu kama FruityLoops na Virtual DJ. Yangu ilikuwa kompyuta ya mtumba. Mwaka ule, kama mnavyokumbuka, umeme ulikuwa wa mgawo. Usiku mmoja ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na asubuhi kompyuta haikuwaka. Diski ilikuwa imekufa. Nilifanya yote ninayoyajua, kisha nikaipeleka kwa fundi anayenizidi, naye akatikisa kichwa. Miaka minne ya midundo ikawa imekwisha. Mlikumbuke jambo hili la diski, maana nitalirudia.

Ndipo nikaamua kununua sampula. Kwa asiyeijua, sampula ni mashine inayonasa sauti yoyote ile, iwe ngoma, mlango unaofungwa au mtu anayekohoa, na kuiweka kwenye kitufe cha mpira. Ukigonga kitufe, sauti inatoka. Ukigonga vitufe kwa mpangilio, mashine inaukumbuka mpangilio wako na kuurudia mpaka uiambie basi. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani, pamoja na mbunifu Mmarekani Roger Linn, walitoa sampula iitwayo MPC60 yenye vitufe 16, safu nne za vinne vinne, na mpangilio huo unaigwa mpaka leo. Kumbukumbu yake ilitosha sekunde 13 tu za sauti. Kwa sekunde hizo chache watu walitengeneza muziki uliozunguka dunia.

Sasa nieleze zile mashine tatu za kwenye bahasha, maana nilizifanyia uchunguzi kama mtu anayetafuta mchumba.

Ya kwanza ilikuwa MPC One, iliyotoka mwaka 2020. Ina kioo kikubwa cha kugusa, vitufe 16, nafasi tele ya kuweka sauti, na sauti nyingi zinazokuja nayo kutoka kiwandani. Mwendo wa singeli inaukubali bila shida. Mtayarishaji mmoja wa Mburahati aliniruhusu kushika ya kwake kwa saa mbili, nikatoka pale natembea kama niko ndotoni. Doa lake ni kwamba haina betri. Umeme ukikatika, nayo inazimika. Mtu anayeleta vyombo kutoka Dubai aliniambia nitaipata kwa milioni 2 na laki 3.

Ya pili ilikuwa MPC Live II, ndugu yake mkubwa, yenye betri na spika ndani yake. Hiyo ilikuwa milioni 3 na nusu. Niliiandika kwenye bahasha kwa ajili ya kuitamani tu.

Ya tatu ilikuwa Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021. Hiyo ni ndogo, inaingia kwenye mkoba wa mgongoni na nafasi inabaki. Inatumia betri sita za kawaida kama zile za redio ndogo, au unaichomeka kwenye pawabanki ya simu. Ina tundu la maiki. Kioo chake ni kidogo kama cha simu za zamani, na mwendo wake unaishia mapigo 200. Kwa mtu wa singeli, hilo ni sawa na kuambiwa ununue pikipiki isiyovuka gia ya pili. Bei yake ilikuwa milioni 1 na laki 7.

Hesabu ilikuwa rahisi. Nitachukua MPC One, na laki tatu zitakazobaki ninunue betri ya akiba ya kuishikilia umeme ukikatika. Kilichonivuta zaidi ni ile nafasi. Nilijiona nikimwaga humo kila sauti niliyowahi kunasa kwa simu yangu: sokoni, kwenye daladala, kwenye misiba, kanisani. Nilisema diski imeninyang'anya miaka minne, sasa nitakusanya mara kumi ya hizo.

Mama yangu hakufurahi. Alisema, "Milioni mbili kwa kidude cha kugongagonga, na bati la nyuma linavuja?" Mzee mmoja wa kanisa naye aliniita pembeni baada ya ibada. Aliniuliza inakuwaje mikono inayopiga kinanda madhabahuni Jumapili ndiyo inayotengeneza muziki wa vigodoro Jumamosi. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Nilimwambia, "Mzee, mimi natengeneza mdundo tu. Maneno wanayaweka wao." Nilikuwa na jibu hilo mfukoni siku zote. Nilimpa mama, nilimpa mzee wa kanisa, na usiku nilijipa mwenyewe. Ukweli ni kwamba mzee yule alikuwa anajua anachokisema. Kigodoro kinakesha, watoto hawalali, na maneno yanayotoka kwenye zile spika huwezi kuyasikiliza ukiwa umekaa na mama yako.

Ilikuwa Alhamisi ya katikati ya Desemba. Nilikuwa mezani Tandika, nimeinamia simu ya mteja, nikasikia mtu anavuta kigoda cha wateja. Nilipoinua macho nilimwona bibi mmoja wa kwaya kuu, wa sauti ya kwanza, ambaye usharika mzima tunamwita Bibi tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kazi inaendaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Bibi umekuja na simu mbovu?"

"Si mbovu. Nataka unisikilizie kitu humu."

Akanipa simu ya mjukuu wake. Wimbo ulikuwa tayari, alikuwa ameelekezwa pa kubonyeza. Akabonyeza. Kabla sekunde tano hazijapita nilijua ni nini. Ulikuwa mdundo wangu wa mwaka uliotangulia, mmoja wa midundo yangu iliyopata bahati. Ulikuwa ukipigwa kwenye bajaji, kwenye vibanda vya chipsi, kwenye harusi za mitaani. Na kila baada ya mapigo machache, juu ya ngoma, kulikuwa na kigelegele kilichokimbizwa mpaka kikawa chembamba kama filimbi.

Bibi akauliza, "Huyo ni nani?"

Sikujibu.

Ni lazima nieleze kigelegele hicho kilitoka wapi. Jumapili ya Mavuno ya mwaka 2022, binti yake Bibi alikuwa amerudi nyumbani baada ya kulazwa miezi mingi. Sote tulikuwa tumemwombea, na wengine wetu, niseme kweli, tulikuwa tumeanza kuomba ile sala ya kumwaga mtu. Siku hiyo Bibi alileta mkungu wa ndizi. Mnada ulipoanza, mkungu ukapandishwa bei, na mtu aliyesimama nyuma kabisa ya kanisa akasema bei ya mwisho. Tulipogeuka tukamwona ni yule binti, amejishika kwenye benchi, amekonda, anacheka. Hapo Bibi akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, kinapanda, kinapanda, kisha mwishoni kinavunjika kama mtu anayeanza kulia. Kanisa zima likanyamaza kwanza, halafu likalipuka.

Mimi nilikuwa nyuma ya kinanda, simu yangu inarekodi ibada. Na nitakiri kilichonijia kichwani wakati watu wanafuta machozi. Nilifikiri: hii nimeipata.

Usiku huo huo nilikikata kigelegele kile, nikakisafisha, nikakikimbiza, nikakiweka juu ya ngoma. Nikamuuzia mdundo kijana mmoja mwimbaji kwa shilingi elfu thelathini. Yeye akaweka maneno yake. Yalikuwa matusi kwa wanawake, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi niliyasikia, nikatumia lile jibu langu la mfukoni.

Bibi aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mara ya kwanza nilisikia nikiwa kwenye bajaji, natoka Mbagala. Nilijua ni mimi. Mtu anajijua. Nilijisikia kama nimefunguliwa mlango wa bafu."

"Bibi, nisamehe."

"Kitoe."

"Bibi, siwezi."

Nilimweleza. Wimbo uko kwenye memori kadi za watu, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye kompyuta za wapiga muziki wa mitaani kutoka huku mpaka Bunju. Hakuna mahali pa kwenda kuufuta. Nilipokuwa namweleza ndipo nikaiona adhabu yangu ilivyo. Kazi zangu zote nilizotaka zibaki zilikufa na ile diski. Moja ninayotamani ife ndiyo iliyobaki.

"Ulilipwa?"

"Elfu thelathini. Nitakupa, Bibi. Nitakupa zaidi."

"Sitaki hela." Akachukua simu ya mjukuu wake, akaifunga kwenye upindo wa khanga. "Siku ile nilikuwa naongea na Mungu. Sikuwa naongea na wewe." Akasimama. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Nasikia unanunua mashine nyingine."

"Ndiyo, Bibi."

"Inafanyaje?"

"Inaweka sauti nyingi zaidi."

"Nyingi zaidi," akarudia. "Na ina mahali pa kumuuliza mwenyewe?"

Akaondoka. Ile simu ya mteja sikuimaliza siku hiyo.

Nilipofika nyumbani nilisoma 2 Samweli sura ya 12, ambayo nilidhani naijua. Nabii Nathani anamweleza Daudi habari za tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na jirani yake maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea kama binti. Mgeni alipofika, tajiri hakugusa mifugo yake. Alimchukua yule mmoja wa maskini. Daudi anaposikia anawaka hasira, anataka mtu huyo afe. Kisha anaambiwa ni yeye.

Siku zote nilikuwa nimeisoma kama habari ya mke wa Uria tu. Usiku ule niliisoma kama habari ya sampula. Mimi nilikuwa na maelfu ya sauti. Ngoma ninazo, milio ya kinanda ninayo, programu inakuja na vigelegele vya bure ambavyo havimdhuru mtu. Bibi alikuwa na kimoja, na alikitoa mara moja, kwa sababu moja. Nikakipita changu, nikachukua chake. Tena, kama Daudi, nilikuwa mwepesi wa kuwahukumu wengine. Mwaka huo huo nilikuwa nimegombana vikali na kijana aliyechukua mdundo wangu bila kutaja jina langu. Nilimtajia mpaka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria niliijua vizuri pale ilipokuwa inanilinda mimi.

Nilimtafuta yule mwimbaji. Alinielewa kuliko nilivyotarajia, akauondoa wimbo kwenye kurasa zake. "Lakini mtaani, kaka, siuzuii," alisema. Niliwapitia wapiga muziki wanne ninaowafahamu. Wawili walifuta mbele yangu, wawili walicheka. Hapo ndipo uwezo wangu ulipoishia.

Kisha nikaenda nyumbani kwa Bibi pamoja na mama yangu, kama inavyotakiwa. Mama hakuwa akijua habari nzima. Nilimweleza njiani, na kutoka hapo hakunisemesha mpaka tulipopiga hodi. Nilikiri yote mbele ya Bibi na binti yake. Sikutaja lile jibu la maneno kuwa ya wengine. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikusamehe pale pale mezani. Nisingekusamehe nisingekuja mwenyewe, ningemtuma mzee wa kanisa." Binti yake akatuletea chai. Nilishusha pumzi.

Lakini Bibi akaongeza, "Ila kigelegele mjue sitapiga tena. Si kwa kukukomoa. Kikinijia sasa hivi, nasikia kwanza ile bajaji."

Na hajapiga. Krismasi ilipita, Pasaka ikapita, Mavuno yakaja. Wengine wanapiga, na ni vizuri. Lakini mimi nipo nyuma ya kinanda na nasikia mahali kilipokuwa kikiingia. Watu hudhani ukishasamehewa kila kitu kinarudi kilipokuwa. Kwangu msamaha ulikuja wote, siku moja, bure kabisa. Kigelegele hakikurudi. Nimelazimika kujifunza kuyabeba yote mawili, kumshukuru Mungu kwa lile la kwanza na kutomlaumu mtu kwa lile la pili.

Nilikaa mwezi mzima bila kugusa ile akiba. Nilimwendea Mchungaji nikiwa tayari kuambiwa niache singeli, na nadhani kwa sehemu nilitaka kuambiwa hivyo, maana ingekuwa rahisi zaidi. Hakuniambia niache. Alinikumbusha Wakorintho wa Kwanza sura ya 10, kwamba kitu kinaweza kuwa halali na bado kisijenge. Akaniuliza, "Ukitoka pale na mdundo wako, nani amejengwa, na nani amebomolewa?" Akaniacha nikajibu mwenyewe.

Nikaitoa bahasha, nikaanza hesabu upya. Safari hii sikuuliza kwanza mashine ina nafasi kiasi gani. Niliuliza swali la Bibi: ina mahali pa kumuuliza mwenyewe? Na jibu, nikitazama zile mashine kama fundi, likaja wazi kuliko nilivyotegemea. MPC One ni mashine ya mezani. Inakaa chumbani, inachomekwa ukutani, na sauti zinaletwa kwake. Mimi nikiwa chumbani peke yangu usiku, mwenye sauti hayupo, na ndivyo nilivyopotea. Ile ndogo yenye betri naweza kuibeba mpaka mlangoni kwa mtu. Nachomeka maiki, nanasa, papo hapo namvalisha hedifoni asikie nilichokichukua na ninachotaka kukifanya. Akisema hapana, nafuta mbele ya macho yake.

Niliinunua ile ndogo. Mashine haimfanyi mtu kuwa mwema, na wapo wenye MPC One walio waaminifu kuliko mimi. Ila mimi najijua. Mlevi aliyeacha pombe anachagua njia isiyopita baa. Laki tisa zilizobaki, sehemu yake ilikwenda kwenye bati la nyuma, na mama aliacha kuiita mashine kidude.

Pamoja na mashine nilinunua daftari la kurasa 96. Naandika tarehe, sauti, jina la aliyeitoa, na sharti lake. Mama lishe mmoja wa Tandika amenipa mlio wa mfuniko wa sufuria yake, kwa sharti kwamba usisikike kwenye wimbo wa matusi. Kwa hiyo sasa, kabla sijamkabidhi mtu mdundo, nasikiliza maneno atakayoweka, na nimepoteza wateja kwa sababu hiyo. Fundi cherehani amenipa cherehani yake. Muuza kahawa amekataa vikombe vyake. Alisema, "Hivi vinaita wateja wangu. Ukiviweka kwenye muziki, watu watatoka nje wakidhani nimepita." Nimeandika: vikombe, hapana.

Jambo la mwendo nalo lilipata dawa. Kwa kuwa mashine inaishia 200, wimbo wa mapigo 240 nauandika kwenye 120, na ngoma nazipanga mara mbili ndani ya kila pigo. Masikio hayajui tofauti. Ni hesabu tu.

Mwaka 2024, baada ya Mavuno, Bibi alinikuta nje ya kanisa akauliza kama ile mashine ndiyo hiyo mgongoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema nimfuate nyumbani. Alikuwa anatwanga kisamvu. Akanielekeza kwenye kinu, akasema, "Chukua hii. Hii siyo ya Mungu, hii ni ya mboga." Tukacheka wote. Nikanasa mchi ukipiga kinu, nikaupanga pale pale kwenye vitufe, nikaongeza ngoma, nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Alikunja uso, maana ni muziki wa kasi. Halafu akaanza kupiga makofi taratibu. Hakuwa anapiga 240. Alikuwa anapiga 120, pigo moja kwa kila mawili, makofi yale yale anayopiga kwenye kwaya kuu. Na yalikuwa sawasawa kabisa na wimbo. Miaka yote nimetengeneza singeli, sikuwahi kusikia kwamba ndani yake kuna mwendo wa mtu mzima anayetembea.

Ndugu zangu, wengi wenu hamtanunua sampula. Lakini mimi ni fundi simu, na najua kila mmoja wenu anaingia kanisani akiwa nayo mfukoni. Tunanasa mtu anapolia msibani, anapoangukia madhabahuni, anapoombewa mwanawe mgonjwa, na kabla ibada haijaisha yuko kwenye status. Tunasema tumemtukuza Mungu. Labda. Lakini kama yule mtu alikuwa anaongea na Mungu, si vizuri tumuulize kwanza? Nilihesabu gharama ya mashine mpaka shilingi ya mwisho, na gharama hii sikuiandika popote kwenye bahasha.

Bahasha niliitia sadaka yangu Jumapili iliyofuata, ikiwa na yale majina matatu nyuma yake. Daftari ninalo. Ukurasa wa kwanza niliuacha wazi kwa muda mrefu, na sasa una mistari miwili, na jina la Bibi juu yake. Kinu na mchi: ameruhusu. Kigelegele: hapana.